Picha ilitangulia jeraha

Mwinjili Yohane anasimulia kwamba Yesu alipokwisha kufa msalabani askari alimchoma mkuki ubavuni, lakini hasemi ni ubavu upi. Mwandishi anaweza kuliacha jambo hilo wazi. Mchoraji hawezi, maana tundu lazima alichore mahali fulani. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya waliliweka upande wa kuume, wakikumbuka maono ya nabii Ezekieli aliyeyaona maji yakibubujika upande huo wa Hekalu. Fransisko wa Assisi alipopata mwilini majeraha kama yale ya Yesu mwaka 1224, la ubavuni lilikuwa kuume. Padre Pio wa Pietrelcina, aliyepata yake mwaka 1918, la ubavuni lilikuwa kushoto. Therese Neumann, binti wa kijiji cha Konnersreuth nchini Ujerumani aliyeanza kutokwa damu mwaka 1926, lake lilikuwa juu kidogo ya moyo. Mkuki ulikuwa mmoja na ubavu uliochomwa ni mmoja, kwa hiyo majeraha haya hayawezi yote kuwa nakala ya lile la Kalvari. Yamenakili kitu kingine, nami nadhani kitu hicho tunakifahamu: ni picha ambazo watu hawa walisali mbele yake. Sisemi kwamba walikuwa waongo. Nasema jeraha la namna hii linatueleza habari za anayelibeba na za sanaa iliyomlea, na kwamba halitoshi kuwa hati ya utakatifu wa mtu yeyote.

Kwa msomaji asiye Mkatoliki, stigmata ni majeraha yanayofanana na yale matano ya Yesu, mawili ya mikono, mawili ya miguu na moja la ubavu, yanayojitokeza mwilini mwa mtu bila sababu inayoonekana. Wengine huongezewa alama za taji la miiba au za mijeledi, na wengine husikia maumivu tu bila jeraha. Karibu wote wamekuwa Wakatoliki, na wengi mno ni wanawake. Daktari Mfaransa Antoine Imbert-Gourbeyre, aliyeamini kabisa kwamba ni muujiza, alikusanya orodha mwishoni mwa karne ya 19 akapata watu 321. Wanaume walikuwa 41 tu. Katika jumla hiyo, waliotangazwa watakatifu au wenye heri walikuwa 62. Yaani hata kwa hesabu ya mtetezi, wanne kati ya kila watano waliobeba majeraha hawakupandishwa altareni. Takwimu hii huwa haitajwi kwenye vijitabu vya ibada, ingawa ndiyo ya kwanza ninayotamani kila muumini aijue.

Wa kwanza ambaye habari yake ilikubaliwa na Kanisa ni Fransisko, naye ndiye kesi ngumu kuliko zote. Alikuwa mlimani La Verna, katika mfungo wa kumwandalia Malaika Mkuu Mikaeli, karibu na sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Alipofariki Oktoba 1226, Ndugu Elia aliyeliongoza shirika aliwaandikia watawa kuwatangazia alama hizo. Miaka michache baadaye Thomas wa Celano, mwandishi wa kwanza wa maisha yake, alizieleza kwa namna inayomshangaza msomaji wa leo: hakuyataja matundu yanayovuja damu, alitaja vinundu vya nyama vyenye umbo la misumari, vyeusi kama chuma, kichwa kikionekana upande mmoja wa kiganja na ncha iliyopinda upande wa pili. Ubavu ndio uliotoa damu. Mpinzani atauliza hapa, na ana haki: kama majeraha hufuata picha, Fransisko alifuata picha gani, wakati hakuna mtakatifu yeyote aliyekuwa amechorwa na madonda mwilini mwake?

Hakumfuata mtakatifu aliyechorwa, alimfuata Kristo aliyechorwa. Fransisko alikulia katika zama ambazo ibada ya Magharibi ilikuwa ikigeuka. Msalaba wa San Damiano, ambao inasimuliwa kwamba ulizungumza naye ujanani, bado ni wa mtindo wa zamani: Yesu amefumbua macho, amesimama wima kana kwamba msalaba ni kiti cha enzi, damu ikichuruzika kidogo tu. Lakini tayari Anselm na Bernard wa Clairvaux, kabla Fransisko hajazaliwa, walikwisha kuwafundisha watawa kuyatafakari mateso ya Bwana kiungo kwa kiungo, na katika uhai wa Fransisko wachoraji wa Toscana na Umbria walianza kumchora Kristo aliyekufa, kichwa kimeanguka begani, mwili umejipinda kwa uchungu. Mwaka 1236, Giunta Pisano alimchorea Ndugu Elia msalaba wa namna hiyo kwa ajili ya kanisa la Assisi. Fransisko alikuwa mtu wa macho. Ndiye aliyewaonyesha wanakijiji wa Greccio hori, ng'ombe na punda usiku wa Noeli ya 1223 ili waione kwa macho habari waliyoizoea masikioni. Mtu wa tabia hiyo, aliyekaa kwa njaa mlimani akimwaza Msulubiwa, kupata alama za misumari si jambo lisilo na chanzo. Namna zilivyoingia kwenye nyama yake sina maelezo, wala sijaona ya mtu mwingine yanayoniridhisha.

Baada yake picha zinashika usukani waziwazi. Mwaka 1235, miaka tisa tu baada ya kifo chake, Bonaventura Berlinghieri alimchora kwenye mbao iliyoko mpaka leo mjini Pescia. Katika kipande cha La Verna, Serafi, malaika mwenye mabawa, anaelea juu, Fransisko amepiga magoti chini, na kati yao hamna kitu kinachowaunganisha majeraha kwa majeraha. Sasa nenda kwenye mbao ya Giotto, yenye urefu wa zaidi ya mita tatu, iliyochorwa karibu na mwaka 1300 na sasa imo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Serafi amegeuka kuwa Kristo mwenyewe mwenye mabawa sita. Fransisko ameinua mikono yote miwili, kanzu yake ya kahawia imepasuliwa ubavuni, na kutoka kila jeraha la Kristo inashuka mistari myembamba ya dhahabu, imenyooka kama nyuzi zilizovutwa, mpaka kwenye mikono, miguu na ubavu wa mtawa. Celano hakuandika habari za miale hiyo. Ni jawabu la mchoraji kwa swali la mchoraji: nitaonyeshaje kwamba hiki kimetoka kwa yule? Jawabu hilo lilipendeza kiasi kwamba likaenea Italia nzima, na baada ya kizazi kimoja watu hawakuweza kuliwazia tukio lile bila miale.

Mbao hiyo ya Giotto haikutengenezwa kwa ajili ya Paris. Kabla ya kuchukuliwa katika zama za Napoleon ilikuwa katika kanisa la San Francesco mjini Pisa. Na ni Pisa hiyohiyo, mwaka 1375, katika kanisa dogo la Santa Cristina, ambako Katarina wa Siena alipata stigmata zake akiwa mbele ya msalaba uliochorwa. Muungamishi wake, Raymond wa Capua, anaeleza alichoambiwa: kutoka madonda matano ya Msulubiwa ilimshukia miale mitano ya damu, ikaelekea mikono, miguu na moyo wake, akaomba isionekane kwa watu, nayo ikabadilika rangi ikawa nuru kabla ya kumfikia. Sidai kwamba Katarina alisimama mbele ya mbao ya Giotto. Hakuna haja ya kudai hivyo, kwa kuwa picha za namna ile zilikuwa zimejaa kila mji aliopita. Ninachosema ni kwamba chombo alichobuni mchoraji ili kutatua tatizo la ufundi, miaka 75 baadaye kimeingia ndani ya maono ya mtakatifu kama sehemu ya tukio lenyewe. Msalaba aliosali mbele yake unatunzwa hadi leo Siena, katika nyumba ya familia yake iliyogeuzwa patakatifu.

Watu wa zama zile waliijua nguvu ya picha kuliko sisi, ndiyo maana waligombania picha kuliko walivyogombania maandishi. Mwaka 1237 Papa Gregori wa Tisa alilazimika kumkemea Askofu wa Olomouc aliyekataza Fransisko asichorwe na madonda. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Papa Sisto wa Nne, ambaye kabla ya upapa alikuwa mkuu wa Wafransisko, alipiga marufuku kumchora Katarina, mtoto wa Wadominikani, akiwa na stigmata. Ulikuwa ni wivu wa mashirika, tuseme ukweli. Lakini hata wivu una akili yake: aliyezuia brashi alijua kwamba kinachochorwa leo ukutani kesho kitaombwa magotini, na keshokutwa kitamtokea mtu mwilini.

Kuna ushahidi mwingine unaopendwa sana na wenye shaka, nao ni wa misumari. Katika miaka ya 1930 daktari Mfaransa Pierre Barbet, baada ya majaribio kwa maiti, alisema kiganja hakiwezi kubeba uzito wa mtu aliyetundikwa, kitachanika, hivyo msumari ulipita kwenye kifundo cha mkono. Wenye stigmata karibu wote walitoka damu viganjani, mahali ambapo sanaa iliweka misumari. Hoja ni nzuri, ila mimi siitegemei. Wataalamu wengine wa maiti baadaye walimpinga Barbet, na mifupa ya mtu aliyesulubiwa iliyogunduliwa Jerusalemu mwaka 1968 ilikuwa na msumari katika kisigino, hivyo haikumaliza ubishi wa mikono. Tofauti ya kulia na kushoto inatosha, maana haimtaki mtu awe daktari.

Pingamizi zito zaidi linatoka Mashariki. Kama ni picha tu, kwa nini Waorthodoksi hawana stigmata? Wagiriki walimchora Kristo aliyekufa msalabani kabla ya Waitalia. Mozaiki ya monasteri ya Daphni karibu na Athens, ya karibu na mwaka 1100, inaonyesha damu na maji yakiruka kutoka ubavuni. Hata hivyo watakatifu wao wakuu hawakutoka damu. Waliona nuru. Wamonaki wa Mlima Athos aliowatetea Gregori Palamas karne ya 14 walitafuta nuru ya Tabor, ile iliyomzunguka Yesu alipogeuka sura, na Seraphim wa Sarov nchini Urusi anasimuliwa kwamba uso wake uling'aa kama jua. Pingamizi hili limenilazimisha kuinyoosha hoja yangu. Picha peke yake haitoshi. Lazima pawepo na mafunzo yanayomwambia mtazamaji afanye nini na anachokitazama. Mmagharibi alifundishwa kuhurumia na kushiriki, ajiweke chini ya misumari. Mmashariki alifundishwa kupita ndani ya ikoni kuelekea utukufu. Injili ni ileile, ubatizo ni uleule, na miili ikajibu kila mmoja kwa namna ilivyofundishwa. Kama stigmata zingekuwa muhuri ambao Mungu huwapigia marafiki zake wa karibu bila kujali mazingira, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini muhuri huo ulikwama kwenye mpaka wa makanisa mawili.

Katika karne ya 20 stigmata zilivuka mpaka wa Ukatoliki, na namna zilivyouvuka inanipa nguvu. Mwaka 1972, mjini Oakland, California, mtoto wa kike wa miaka 10, Mmarekani mweusi wa Kanisa la Kibaptisti, alianza kutoka damu kiganjani katika majuma yaliyotangulia Pasaka. Madaktari waliomchunguza walichapisha ripoti yao mwaka 1974. Muda mfupi kabla ya damu kuanza alikuwa amesoma kitabu cha dini kuhusu kusulubiwa na kutazama filamu ya mateso kwenye televisheni. Miaka 40 kabla yake, daktari wa akili Mjerumani, Alfred Lechler, aliandika habari za mgonjwa wake aliyeonyeshwa picha za slaidi za mateso ya Kristo siku ya Ijumaa Kuu ya 1932, akaanza kulalamika maumivu mikononi na miguuni. Lechler akaendelea na maelekezo ya usingizi wa kiini macho mpaka majeraha yakatokea. Kesi ya mgonjwa mmoja chini ya daktari mmoja haijengi sayansi, na tiba mpaka sasa haijaeleza ngozi inavyopasuka kwa fikra. Ila mpangilio ni uleule: jicho kwanza, ngozi baadaye.

Muumini aliyesoma teolojia atanijibu kwa utulivu: Mungu akitaka kumpa mtu ishara, atampa kwa sura anayoielewa. Akitumia miale ya Giotto, kuna ubaya gani? Hakuna. Jibu hilo ni halali na siwezi kulivunja, wala sina nia. Ila anayelitumia aelewe amekubali nini. Amekubali kwamba umbo la jeraha limetoka kwa binadamu, hivyo jeraha haliwezi kuletwa kama shahidi wa jinsi Yesu alivyosulubiwa, wala halithibitishi maneno mengine anayosema mwenye nalo. Kilichobaki ni imani yake juu ya chanzo, na imani hiyo italazimika kutafuta nguzo mahali pengine, katika maisha ya mtu.

Mwenye shaka naye asishangilie mapema akidai wote walijikata. Wapo waliodanganya, na maarufu kuliko wote ni María de la Visitación, mama mkuu wa monasteri ya Wadominikani mjini Lisbon. Miaka ya 1580 sifa zake zilivuka Ureno, na Luis de Granada, mwandishi wa kiroho aliyeheshimika Ulaya nzima, alimwamini. Kisha sauti yake ikaanza kusikika katika siasa, dhidi ya utawala wa Mfalme Philip wa Hispania juu ya Ureno. Mwaka 1588 wachunguzi wa Kanisa wakaiosha mikono yake kwa sabuni, na madonda yakatoka na maji. Yalikuwa rangi. Tukio hili linafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba udanganyifu upo, na kwamba ulifaulu kwa sababu kila mtu alikwisha kujua kutoka kwenye picha jeraha takatifu linapaswa kufanana na nini. Kwa Padre Pio mambo si mepesi hivyo. Alibeba majeraha miaka 50, akiyafunika kwa glavu zisizo na vidole, na alipokufa Septemba 1968 hayakuwepo wala hayakuacha kovu. Mwanahistoria Sergio Luzzatto alichapisha mwaka 2007 ushuhuda wa mfamasia uliomo katika kumbukumbu za Vatican, kwamba mwaka 1919 mtawa huyo aliomba kwa siri asidi ya kaboliki. Watetezi wanasema ilikuwa ya kusafishia sindano. Ushuhuda huo unatia shaka, lakini dawa iliyoombwa mara moja haielezi nusu karne ya vidonda, na anayefunga faili hapo amechoka kufikiri.

Kinachonivutia zaidi ni mwenendo wa Kanisa lenyewe, ambalo wengi wanadhani hukimbilia kushangilia. Hati iliyomtangaza Fransisko kuwa mtakatifu mwaka 1228 haikutaja stigmata hata kidogo. Mwaka 1923 Ofisi Takatifu ya Vatican ilitamka kwamba haikuthibitika kuwa mambo ya Padre Pio yana chanzo cha kimungu, na kati ya 1931 na 1933 alizuiwa kuadhimisha misa hadharani. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mtakatifu tarehe 16 Juni 2002, muujiza uliotumika ulikuwa kupona kwa mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo mwaka 2000. Mikono ya Padre Pio haikuwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa maisha: saa alizokaa kwenye kiti cha kitubio, na hospitali aliyoianzisha San Giovanni Rotondo, iliyofunguliwa mwaka 1956 na inayotibu watu mpaka leo. Mei 2024 Baraza la Kipapa kwa ajili ya Mafundisho Sadikifu ya Kanisa lilitoa kanuni mpya zinazosema kwamba kwa kawaida Kanisa halitatamka tena kuwa tukio fulani limetoka kwa Mungu. Linaweza kutoa ruhusa ya ibada, kuahirisha au kukataza. Kanuni hizohizo zinasema kutumia mambo yanayodaiwa kuwa ya kimungu ili kuwatawala au kuwanyanyasa watu ni kosa zito la pekee.

Mambo haya hayako mbali nasi. Wakapuchini, ndugu wa shirika la Padre Pio, wako Dar es Salaam tangu mwaka 1921, na vituo 14 vya Njia ya Msalaba, ibada ambayo Wafransisko ndio walioieneza duniani, vimetundikwa katika karibu kila parokia ya Kikatoliki kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Kila Ijumaa ya Kwaresima maelfu hupita mbele ya viganja vilevile vilivyotobolewa palepale. Siku moja atatokea mtu, pengine msichana mchamungu aliyefunga kupita kiasi, mikono ikimvuja damu, na simu zitatolewa mifukoni kabla ya bandeji. Ikitokea hivyo, apelekwe kwanza hospitali. Paroko amwandikie askofu, kama kanuni zinavyotaka. Wahariri wasichapishe jina lake wala uso wake, na mtu yeyote asipitishe kikapu cha sadaka mpaka jibu la askofu lije.